Yoeli Koikai, Miaka Thelathini na Mitatu na Herufi Moja

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, saa kumi jioni, Ndugu Yoeli Koikai atarudisha kitambulisho chake kwa mlinzi wa getini na kuwa mstaafu. Atakuwa amelitumikia gazeti letu la Mbiu ya Meru kwa miaka thelathini na mitatu kamili, tangu tarehe 1 Julai 1992, bila kuhama idara, bila kupandishwa cheo chochote cha maana, na bila kukosa toleo hata moja isipokuwa lile la juma alilougua surua akiwa na miaka arobaini na miwili, ugonjwa ambao watu wengine huumaliza utotoni.

Mhariri wetu, Bi. Evelyn, alinipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa maelekezo mafupi: kurasa mbili, picha moja ya zamani, uchangamfu wa kutosha, na nisilete ukali wangu. Picha nimeipata. Mimi ni Pudensiana Mlay, msahihishaji wa prufu wa gazeti hili tangu mwaka 1994, na karibu kila alichoandika Koikai nimekisoma kabla ya msomaji mwingine yeyote. Kuna neno moja lililotoka vibaya katika safu yake mwaka 1999. Neno hilo lilimvunjia uchumba, likamharibia jina mzee wa watu, na mpaka leo halijasahihishwa. Akishatoka getini nani atakumbuka kulisahihisha? Kwa hiyo nitalisahihisha humu, katika programu ya hafla ya kumuaga, kati ya sala ya ufunguzi na kukata keki.

Tuanze na mazuri, maana yapo. Koikai alizaliwa upande wa Ngaramtoni, katika familia ya wakulima na wafugaji, Walutheri wa kukaa benchi la mbele. Alifundisha shule ya msingi kwa miaka minne. Kwenye gazeti aliletwa na ugomvi. Gazeti lilikuwa limekosea siku ya soko la Ngaramtoni, naye akateremka mjini kwa miguu, barua ya malalamiko mfukoni, akaisoma kwa sauti pale mapokezi mbele ya watu. Mhariri wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alimwambia kama anajua kila kitu basi aandike yeye. Akaandika. Safu ikaitwa "Nimepita Hapo", na imeitwa hivyo mpaka juzi.

Wageni wasioijua safu hiyo waelewe kwamba Koikai hakuandika jambo ambalo hakulipita kwa miguu yake. Alipita Sakina akamwandika fundi cherehani aliyeshona suruali yenye mguu mmoja mfupi, na wateja wa fundi wakaongezeka kwa kuwa kila mtu alitaka kumwona. Alipita Themi akamwandika mwenyekiti wa kwaya aliyekuwa anafungua mdomo tu wakati wenzake wanaimba. Mwenyekiti alikuja ofisini na fimbo, akaondoka na nakala sita. Kuna mwaka aliweka kiti kando ya barabara ya Nairobi siku tatu mfululizo akihesabu akina mama wanaovuka mbio na ndoo kichwani, akachapisha idadi yao bila neno la ziada, na kabla ya mwaka kwisha pakachorwa kivuko. Kwa kivuko hicho alipewa cheti. Kimetundikwa chooni kwa sababu ndiko kulikokuwa na msumari.

Kompyuta zilipokuja mwaka 2004 alizisalimia kwa heshima, kisha akaendelea na peni yake ya bluu kwa miaka saba mingine. Siku alipokubali kuchapa mwenyewe alichapa kwa kidole kimoja, na hadi leo ni kidole kilekile. Vijana wa dawati la michezo wamewahi kuweka dau kuhusu lini kidole cha pili kitajiunga. Wote wamekosa.

Lazima nieleze utaratibu wetu wa enzi za peni, maana habari yenyewe imekaa humo. Mwandishi aliandika kwa mkono. Mswada ulikuja kwangu kabla ya kuchapwa, nikausahihisha kwa wino mwekundu na kuweka herufi za jina langu, P.M., chini ya kila ukurasa. Mchapaji akachapa. Kisha nikalinganisha kilichochapwa na ule mswada mwekundu. Gazeti lilitoka Ijumaa, na Jumamosi mswada ulirudishwa kwa mwandishi. Wengi waliufungia maandazi. Koikai aliukunja mara nne akautia kwenye bahasha ya kaki, bahasha moja kwa kila mwaka.

Mwaka 1997 dirisha la matangazo madogo lilipata karani mpya, Hedwiga Temu, binti wa Kibosho aliyekulia Sakina, rafiki yangu tangu kipaimara. Yeye ndiye aliyepokea tanzia, viwanja na mbuzi waliopotea. Koikai, ambaye angeweza kumhoji mtu yeyote chini ya Mlima Meru, hakuweza kumsemesha msichana huyo. Akabuni tangazo: inauzwa baiskeli, nzima, mwenyewe yupo. Wiki ya pili alirudi nalo dirishani akitaka neno moja libadilishwe. Wiki ya tatu, neno jingine. Kwa wiki kumi na moja alibadilisha tangazo hilo neno mojamoja, na kila mara Hedwiga alimsomea lote tangu mwanzo hadi mwisho, akijizuia kucheka. Baiskeli haikuwepo. Wiki ya kumi na mbili mkulima mmoja aliteremka kutoka Ngaramtoni kuja kuinunua, akakaa mapokezi na kugoma kuondoka, na Koikai akalazimika kuzunguka mjini kutafuta baiskeli ili aje kumuuzia. Hedwiga alicheka mpaka akafunga dirisha. Tangu siku hiyo walikuwa wachumba, na sijapata kuona watu wawili waliofurahiana vile.

Jumamosi ya tarehe 7 Agosti 1999 wazee wa Ngaramtoni walikuja Sakina, nyumbani kwa mama yake Hedwiga, kuleta mahari kama ilivyokubaliwa. Baba yake alikuwa amekwisha fariki, hivyo msemaji wa nyumba alikuwa baba yake mdogo, Mzee Sylvanus Temu, mwenye duka la misumari na mabati pale pale Sakina. Mimi sikuwepo, nasimulia nilivyosimuliwa. Wageni walitarajiwa kumi na tano. Walikuja arobaini. Watu walikaa vitandani, kwenye kreti za soda, kwenye ngazi ya mlango. Fimbo ya mzee mmoja iliangusha saa ya ukutani. Mtori wa ndizi ulinywewa kwa zamu kwa kuwa bakuli hazikutosha, na kila kitu kilichokuwa kwenye orodha kilipokelewa kwa vigelegele. Mwisho Mzee Sylvanus alisimama, akaitazama sebule ilivyojaa na watu waliokuwa wanachungulia madirishani, akasema, "Mahali hii ni ndogo. Mkirudi mara ya pili tutaona la kufanya."

Alikuwa na maana ya ukumbi. Harusi yenyewe haingeingia katika nyumba ile. Kiswahili sanifu kingesema mahali hapa ni padogo, lakini Mzee Sylvanus alikuwa na Kichaga chake cha Kibosho na Kiswahili alichojifunzia nyuma ya kaunta, akasema kama watu wengi wa huku juu wanavyosema. Hakuna aliyekosa kumwelewa. Walicheka wote, wa ndani na wa madirishani, naye akacheka nao.

Koikai aliandika safu ya Ijumaa iliyofuata juu ya siku hiyo. Hakutaja majina, lakini Sakina nzima ilijua. Alieleza vitanda, kreti na saa ya ukutani. Alieleza vitu vilivyopokelewa. Akamaliza kwa maneno ya mzee, ndani ya alama za nukuu, jinsi yalivyotoka mdomoni mwake. Yalivyotoka gazetini tarehe 13 Agosti yalisomeka hivi: "Mahari hii ni ndogo. Mkirudi mara ya pili tutaona la kufanya."

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kusaidiwa zaidi. Huku juu L na R huchanganywa kila siku, na hata waliomsikia mzee kwa masikio yao sasa waliliamini gazeti. Kwa wazee wa Ngaramtoni ilikuwa ni kwamba wamekula, wamepokewa kwa vigelegele, na walipoondoka tu wametukanwa. Kwa ukoo wa kina Temu ilikuwa ni kwamba mkwe mtarajiwa amemzulia mzee wao ulafi mbele ya mkoa mzima, na amechagua kuzua kitu kilekile ambacho watu wasiowapenda Wachaga husema siku zote. Jumamosi mafundi wa gereji za Sakina walikuwa tayari wanamwita Mzee Sylvanus kwa jina jipya.

Jumapili baada ya misa wazee wa pande zote mbili walikutana katika sebule ileile. Sankale, kaka mkubwa wa Koikai, alisema ukoo wake haujazoea kusomewa upungufu wake gazetini. Mzee Sylvanus hakutaka kusema mengi. Aliuliza tu nani amemtia neno lile mdomoni. Hedwiga, ambaye hakutakiwa kuwa kwenye kikao, alimvuta mchumba wake nyuma ya nyumba, na maneno aliyomwambia aliyarudia kwangu kesho yake akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Sema si wewe, Yoeli. Sema ni mashine, sema ni shetani. Mimi nitaamini."

Koikai alirudi ndani, akasimama mbele ya wazee. "Jina lililo juu ya safu ni langu," alisema, kisha akakaa.

Basi. Hakueleza, hakuomba radhi, hakusema kilichoandikwa ni kweli wala si kweli. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Wahenga hawakuwa na gazeti. Mahari ilirudishwa Ngaramtoni juma lile lile, Hedwiga akaacha kazi na kwenda Kibosho kwa bibi yake, na barua zote alizoandikiwa huko zilirudi zikiwa zimefungwa. Baada ya miaka miwili aliolewa na fundi umeme, mtu mpole, na sasa anaishi Themi na anaitwa Mama Agnela.

Mzee Sylvanus aliishi miaka tisa zaidi. Kwa miaka hiyo tisa aliitwa Mahari Ndogo. Wateja walimtania kaunta akipima misumari. Wazazi wenye mabinti walimwuliza kwa kicheko yeye angetaka ng'ombe wangapi. Aliacha kusemea watu kwenye posa, kazi aliyokuwa akiipenda kuliko duka, kwa sababu akisimama tu kusafisha koo kuna mtu alikuwa anacheka. Tulipomzika Kibosho mwaka 2008 nilimsikia mtu nyuma yangu akinong'ona, akiuliza kama huyu ndiye yule wa mahari ndogo. Nilimgeukia huyo mtu kwa macho makali. Nilikuwa na uso wa kufanya hivyo.

Sasa niseme na mimi nilifanya nini, kwa kuwa wasifu wa Koikai haukamiliki bila ubaya wangu. Nilikuwa rafiki wa Hedwiga, nikaamua kumwadhibu mwanaume huyu kwa niaba yake. Niliacha kumpa mkono. Kila mfanyakazi mpya aliyeingia humu alisimuliwa na mimi, kabla hajaonyeshwa choo, kwamba yule mzee wa kona ndiye aliyeuza uchumba wake ili wasomaji wacheke. Wengi wenu mnaosoma hapa mliisikia kwangu. Kila Krismasi Koikai aliniletea nyama kutoka Ngaramtoni kwa ajili ya watoto wangu, na kila Krismasi nilimpa mlinzi mbele ya macho yake. Hakuacha kuleta. Niliwaambia watu dhamira inamsuta.

Kitu kingine nilikiona nikakitafsiri vibaya. Tangu Agosti 1999 hakuna alama za nukuu katika "Nimepita Hapo". Hata moja. Miaka ishirini na sita watu wa Koikai wanatembea, wanauza, wanavuka barabara, lakini hawasemi. Mimi nilidhani ni uvivu wa kuandika, na niliwahi kusema hivyo kwenye kikao cha Jumanne naye akiwepo.

Majuma matatu yaliyopita Bi. Evelyn alinituma nichague makala mbili za zamani za kutundika ukumbini siku ya hafla. Koikai alikuwa nje, bahasha zake ziko kabatini, kabati halina kufuli. Nilichukua ya 1999 makusudi. Nilitaka kuishika ile makala kwa mkono wangu, nione mwandiko wa mtu aliyefanya ubaya ule. Sikuwa na nia nzuri.

Mswada ulikuwa umekunjwa mara nne kama mingine. Mwisho wa ukurasa wa pili, kwa wino wa bluu, Koikai ameandika wazi kabisa: Mahali hii ni ndogo. Herufi L imepigwa mstari. Juu yake pameandikwa R, kwa wino mwekundu, na chini ya ukurasa kuna P.M.

Nilijua mara moja nilivyofikiri, kwa sababu ningefikiri hivyo hivyo leo. Niliona "hii ni ndogo" nikasema moyoni kwamba mahali haiwi "hii", mahali ni "hapa". Neno linalokubali "hii" hapo ni mahari. Tena ni habari ya posa. Tena watu wa huku wanachanganya L na R kila siku. Kila hatua ilikuwa sahihi. Nilikuwa namsaidia mwandishi asiaibike. Siku ya pili nikalinganisha kilichochapwa na mswada wangu mwekundu, vikalingana, nikatia saini.

Nitasema na jambo jingine ambalo hakuna bahasha inayoweza kulithibitisha. Mwaka ule ule, siku chache baada ya kikao cha wazee, niliwahi kujiuliza kama neno lile lilipita kwangu salama. Nilijiuliza mara moja, nikiwa jikoni, nikaacha kujiuliza. Kabati la Koikai lilikuwa hatua tisa kutoka mezani kwangu. Miaka ishirini na sita sikuzitembea, na mimi ndiye mtu ninayelipwa kuhakikisha.

Kwa nini hakusema? Nilikwenda Ngaramtoni Jumamosi iliyofuata kumwuliza. Alinikaribisha katika sebule ambayo ukiiona utadhani ni ukumbi wa kanisa. Alianza kuijenga juma lile lile la posa, maana Mzee Sylvanus alisema kweli, pa kufanyia sherehe hapakuwepo. Uchumba ulipovunjika msingi ulikuwa umekwisha kujengwa, akaona aibu kuuacha ukae hivyo, akamalizia. Mle ndani mna viti vinne na redio. Hakuoa.

Niliuweka mswada mezani. Hakushtuka, maana aliusoma kabla yangu: ulirudishwa kwake Jumamosi ya tarehe 14 Agosti 1999, siku moja kabla ya kikao. Alikwenda kwenye kikao akiwa anajua.

Wazee wa humu ofisini watakumbuka hali yangu ya mwaka ule. Nilikuwa na maonyo mawili. La kwanza ni la picha ya maharusi iliyotoka chini ya kichwa cha Tanzia. La pili ni la habari iliyotangaza kwamba kwaya ya vijana itaiba kanisani Jumapili, ambapo mwandishi alikuwa ameweka M yake na mimi sikuona kwamba imedondoka. Marehemu mhariri aliapa mbele ya wote kwamba la tatu nitaondoka nalo. Nilikuwa na mapacha wa miezi mitano, na baba yao alikuwa machimboni Mirerani akitafuta bahati ambayo mpaka leo hajaiona.

"Ulikuwa na watoto wawili mgongoni," Koikai aliniambia. "Nilidhani Hedwiga atanisubiri mwezi mmoja, yapoe, nimweleze pembeni."

Alikuwa amekadiria mwezi mmoja. Yeye aliyezunguka mkoa mzima akisoma watu hakumjua mwanamke aliyetaka kumwoa. Hedwiga hakuwa mtu wa kusubiri nje ya mlango uliofungwa. Na barua zilipoanza kurudi, na baadaye habari za ndoa yake zilipofika, Koikai aliona kwamba kusema sasa ni kunitoa mimi kazini bila yeye kupata chochote. Akanyamaza mwaka mmoja, ukawa miwili, na baada ya hapo, alisema, kunyamaza kulikuwa hakumgharimu tena.

Nililia. Alitoka kwenda kuchemsha maziwa, kwa kuwa hajui la kufanya na mtu anayelia. Aliporudi na vikombe alisema jambo ambalo sikulitegemea. "Wewe ulisahihisha Kiswahili, Pude. Mimi ndiye niliyemnukuu mzee ili watu wamcheke."

Nimelifikiria neno hilo usiku na mchana na sikubaliani nalo lote, lakini siwezi kulifuta. Alinisihi nisiandike. Alisema mzee amekwisha kuzikwa nalo na Hedwiga ana kwake, tuliache lilivyo. Nilikunywa maziwa yake, ya kwanza katika miaka ishirini na sita, nikaondoka bila kumwahidi.

Kutoka Ngaramtoni sikwenda nyumbani. Nilikwenda Themi kwa Mama Agnela. Kwetu Kibosho, ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na akishaliona hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Lipo hata kwenye uzio wangu, ningelikata nikitaka. Sikulikata. Nilimpa karatasi ile ya mswada, akaisoma amesimama, akairudia, kisha akanitazama mikononi.

"Umekuja mikono mitupu," alisema.

Nilimwambia nimefanya makusudi.

"Vizuri. Ungelileta ningelazimika."

Alikaa. Mumewe, aliyekuwa nje anatengeneza pasi ya jirani, alichungulia akaona heri aendelee na pasi. Halafu Hedwiga akaniuliza swali ambalo ninakwenda kulala nalo kila siku. "Miaka yote ile nimemwombea yule mwanaume asipate amani. Nani atanirudishia sala zangu?"

Alipoinuka kunitoa mlangoni nilimweleza kwamba Koikai hataki iandikwe. Alisema Koikai alikwisha kuamua mara moja kwa niaba ya watu wote, na inatosha. Akaniambia niandike, na nisilisahau la baba yake mdogo.

Kwa hiyo tunaomba radhi. Katika toleo letu la Ijumaa ya tarehe 13 Agosti 1999, ukurasa wa nne, safu ya "Nimepita Hapo", mstari wa mwisho kabla ya jina la mwandishi, palipochapwa "mahari" pasomeke "mahali". Marehemu Mzee Sylvanus Temu wa Sakina hakudai zaidi ya alichopewa. Alikuwa anawatafutia wageni wake pa kukaa. Yoeli Koikai hakumzulia. Kosa lilifanywa na msahihishaji.

Bi. Evelyn aliidhinisha wasifu mwingine, mfupi na mchangamfu, ambao uliishia kwenye kidole kimoja. Kwa utaratibu wetu, mhariri akishatia saini, mtu wa mwisho kuushika ukurasa ni mimi, na nimebadilisha zaidi ya herufi. Najua nitapewa onyo. Litakuwa la tatu, na limechelewa miaka ishirini na sita. Mapacha wangu wanajitegemea siku hizi, mmoja ni nesi na mwingine anafundisha, na wote wawili walisomeshwa kwa mshahara ambao Koikai aliulipia kwa namna yake. Nimewaambia. Mmoja hajanipigia simu tangu siku hiyo.

Gazeti linamshukuru Ndugu Koikai kwa safu zaidi ya elfu moja na mia sita, kwa kivuko cha barabara ya Nairobi, kwa suruali ya Sakina, na kwa kutufundisha kwamba habari hutafutwa kwa miguu. Idara ya usahihishaji inamshukuru kwa kazi ambayo hakupaswa kuifanya. Zawadi yake, saa ya ukutani na viti vya sebuleni, atakabidhiwa na Mkurugenzi baada ya chakula.

Yoeli, unaisoma karatasi hii ukumbini pamoja na watu wengine wote, na najua umeudhika. Mama Agnela amesema atakuja na mumewe, na kwamba watakaa viti vya nyuma. Hakuniambia kama atakuja kukusalimu. Ukisimama kushukuru, usinitetee.

Wenzako wote wanakutakia maisha mema. Nami nakutakia, mimi niliyekuharibia yale ya kwanza.